Jinsi ya kuunda programu huria ya kusimamia miunganisho ya intaneti kwenye Linux

Alama ya Wi-Fi imejaa, lakini ukurasa haufunguki. Mara nyingi ruta haina tatizo wala mnara haujaanguka. Bando limeisha, au hotspoti ya simu imewashwa huku data yenyewe imezimwa. Programu za kusimamia miunganisho zinazokuja na Linux hufanya kazi nzuri, ila zimelenga zaidi mtu anayelipia intaneti kwa mwezi na asiyehesabu megabaiti. Anayenunua bando la siku au la wiki ana maswali matatu: nimeunganishwa kupitia nini, je, intaneti yenyewe inafika, na nimeshatumia kiasi gani?

Hapa tutajenga programu ndogo inayojibu maswali hayo. Tuiite Kivuko. Unahitaji kompyuta yenye Debian au Ubuntu, ujuzi wa kawaida wa Python, na uvumilivu wa kusoma majibu ya terminali.

Hatua ya 1: Amua kile ambacho hutakiandika

Uamuzi huu ndio unaopima umri wa mradi wako. Kuwasha kadi ya Wi-Fi, kupeana funguo na ruta, kuomba anwani kwa DHCP (utaratibu ambao ruta hutumia kugawa anwani za mtandao), kupanga njia za data, kuzungumza na modemu: yote hayo NetworkManager inayafanya tayari. Ilianzia Red Hat mwaka 2004 na leo inakuja na takriban kila Linux ya kompyuta za mezani. Yenyewe huiachia wpa_supplicant (au iwd ya Intel) kazi ya Wi-Fi, na ModemManager kazi ya modemu.

Wicd ilichagua njia nyingine. Ilikuwa nyepesi, watu waliipenda, na ilikuja na huduma yake yenyewe ya chinichini badala ya kutegemea NetworkManager. Iliandikwa kwa Python 2. Python 2 ilipofikia mwisho wake Januari 2020, hapakuwa na mikono ya kutosha kuihamisha kwa wakati, na Debian 11 ikatoka mwaka 2021 bila Wicd. Mtu mmoja au wawili hawawezi kubeba tabaka zote hizo kwa miaka mingi. Kwa hiyo Kivuko itakaa juu ya NetworkManager, nguvu zetu tuzitumie pale ambapo bado kuna pengo.

Hatua ya 2: Weka vifaa vya kazi na uongee na huduma

```
sudo apt install python3-gi gir1.2-nm-1.0 gir1.2-gtk-4.0 network-manager modemmanager git
```

NetworkManager husikiliza kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux hutumia kuitana ndani ya kompyuta moja. Maktaba ya libnm inatuondolea ugumu wa kuitumia moja kwa moja. Anza na hii:

```python
import gi
gi.require_version("NM", "1.0")
from gi.repository import NM, GLib

mteja = NM.Client.new(None)
for kifaa in mteja.get_devices():
    print(kifaa.get_iface(),
          kifaa.get_device_type().value_nick,
          kifaa.get_state().value_nick)
```

Ukiona majina kama `wlan0` au `enp3s0` pamoja na hali zake, msingi umekaa sawa. Usiiendeshe kwa sudo, sasa wala baadaye. Ruhusa zinatolewa na polkit, huduma ya Linux inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini, kulingana na mtumiaji aliyekaa mbele ya mashine. Amri ya `nmcli general permissions` itakuonyesha anachoruhusiwa. Ukiingia kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine, utakuta baadhi ya ruhusa zimekatwa, hivyo kabla ya kutafuta kosa kwenye msimbo wako, angalia umeketi wapi.

Hatua ya 3: Sikiliza mabadiliko, usiulize kila sekunde

Wanaoanza huandika kitanzi kinachouliza hali kila baada ya sekunde moja. Kinakula betri, na bado kinakosa matukio mafupi. NetworkManager yenyewe hutangaza kila badiliko:

```python
def imebadilika(mteja, _):
    kuu = mteja.get_primary_connection()
    print(kuu.get_id() if kuu else "hakuna",
          mteja.get_connectivity().value_nick)

mteja.connect("notify::primary-connection", imebadilika)
mteja.connect("notify::connectivity", imebadilika)
GLib.MainLoop().run()
```

Muunganisho mkuu ni ule unaobeba data zako kwa sasa. Kama kebo na Wi-Fi zote zimeunganishwa, NetworkManager hupendelea kebo, kwa sababu gharama ya njia yake ni 100 na ya Wi-Fi ni 600. Modemu hupewa 700. Namba ndogo ndiyo inayoshinda. Mtu mwenye modemu yenye bando jipya na Wi-Fi ya jirani inayosuasua atashangaa kwa nini modemu haitumiki, na sababu ni hiyo. Ndani ya Kivuko mpe kitufe cha "Tumia hii kwanza", kinachobadilisha `ipv4.route-metric` na `ipv6.route-metric` za profaili husika (mipangilio iliyohifadhiwa ya muunganisho mmoja) kisha kuiwasha upya.

Hatua ya 4: Tofautisha "nimeunganishwa" na "intaneti inafika"

Hapa ndipo Kivuko inaanza kustahili kuwepo. Neno `connectivity` hapo juu lina majibu matano. `full` maana yake intaneti inafika. `limited` maana yake umeunganishwa lakini kipimo hakikufanikiwa. `portal` maana yake ombi lako limegeuzwa na kupelekwa ukurasa mwingine, kama inavyotokea hotelini au uwanja wa ndege kabla hujaingia. `none` ni hakuna kabisa, na `unknown` ni haijapimwa.

NetworkManager hupima kwa kuomba ukurasa mdogo kwenye anwani iliyowekwa katika mipangilio yake, kwa kawaida kila baada ya sekunde 300. Kwenye Debian kipimo hiki huja katika kifurushi cha pekee, `network-manager-config-connectivity-debian`. Bila anwani hiyo, jibu unalopata halithibitishi chochote. Kwa hiyo uliza kwanza:

```python
if not mteja.connectivity_check_get_available():
    print("Kipimo cha intaneti hakijawekwa kwenye kompyuta hii")
```

Halafu fikiria maneno utakayomwonyesha mtu. "Limited connectivity" halimsaidii yeyote. Andika kitu anachoweza kukifanyia kazi. Kama profaili ni ya hotspoti na jibu ni `limited`: "Umeunganishwa na simu, lakini intaneti haifiki. Angalia kama data ya simu imewashwa na kama bando halijaisha." Kama ni `portal`, weka kitufe cha kufungua kivinjari. Sekunde 300 ni nyingi kwa mtu anayesubiri, hivyo weka pia kitufe cha "Pima sasa" kinachoita `check_connectivity_async`. Kipimo kimoja ni kidogo mno kuweza kudhuru bando.

Hatua ya 5: Orodha ya Wi-Fi

Vituo vyote vinavyoonekana utavipata kwa `get_access_points()`. Ukivichapa vilivyo, chuo chenye ruta ishirini za jina moja kitajaza skrini nzima. Viunganishe kwa jina, ubaki na chenye mawimbi makubwa zaidi:

```python
def mitandao(kifaa):
    bora = {}
    for ap in kifaa.get_access_points():
        ssid = ap.get_ssid()
        if ssid is None:
            continue
        ulinzi = bool(ap.get_wpa_flags() or ap.get_rsn_flags())
        alama = (ssid.get_data(), ulinzi)
        if alama not in bora or ap.get_strength() > bora[alama].get_strength():
            bora[alama] = ap
    return sorted(bora.values(), key=lambda a: a.get_strength(), reverse=True)
```

Nimeweka ulinzi ndani ya `alama` kwa makusudi. Mtandao wenye nywila na mwingine usio na nywila wenye jina lilelile haviwezi kuwa kitu kimoja. Mtu akiweka hotspoti ya wazi yenye jina la ofisi yenu, orodha isimfiche ndani ya ule halali. Jambo jingine: jina la Wi-Fi ni baiti hadi 32, na hakuna anayelazimishwa kutumia UTF-8. Tumia `NM.utils_ssid_to_utf8()` kwa kuonyesha tu, na ubaki na baiti zenyewe kwa kulinganisha.

Hatua ya 6: Kuunganisha, na kueleza kilichokwama

Tafuta kwanza kama profaili ipo: `ap.filter_connections(kifaa.filter_connections(mteja.get_connections()))`. Ikipatikana, iwashe kwa `activate_connection_async`. Isipopatikana, omba nywila na uunde mpya:

```python
def unganisha(kifaa, ap, nywila):
    profaili = NM.SimpleConnection.new()
    usalama = NM.SettingWirelessSecurity.new()
    usalama.set_property("key-mgmt", "wpa-psk")
    usalama.set_property("psk", nywila)
    profaili.add_setting(usalama)
    mteja.add_and_activate_connection_async(
        profaili, kifaa, ap.get_path(), None, imeanza, None)
```

Sehemu zilizobaki NetworkManager itazijaza yenyewe. Nywila ya WPA2 huwa na herufi 8 hadi 63, basi kizime kitufe mpaka idadi itimie.

Fanksheni ya `imeanza` itaitwa mara kazi inapoanza, si inapokamilika. Ukiandika "Umefanikiwa" hapo utakuwa unamdanganya mtumiaji. Sikiliza `state-changed` ya kifaa: hupitia `config`, `need-auth` na `ip-config` kabla ya kufika `activated` au `failed`, na pamoja na hali huja sababu. Tafsiri sababu hizo moja moja. `NO_SECRETS` ni nywila iliyokosekana au iliyokataliwa bila mtu wa kuulizwa nyingine. `IP_CONFIG_UNAVAILABLE` maana yake ruta imekupokea lakini haikukupa anwani. `SSID_NOT_FOUND` ni kituo kilichopotea. Kwa modemu kuna `GSM_APN_FAILED`, yaani APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) imekataliwa, na `GSM_SIM_PIN_REQUIRED`, yaani laini inadai PIN. Chukua muda wako hapa, kwa sababu mtumiaji anayejua kilichokwama atakitatua mwenyewe.

Tatizo moja linawasumbua wengi: profaili yenye nywila isiyo sahihi hubaki imehifadhiwa, na kesho kompyuta inaijaribu tena yenyewe. Dawa ni `add_and_activate_connection2`, inayopokea chaguo la `persist` lenye thamani `memory`. Profaili itakaa kwenye kumbukumbu ya muda, nawe utaiandika kwenye diski ikishafika `activated` tu.

Kuhusu siri: toleo la kwanza liache nywila zikae upande wa mfumo, ndani ya `/etc/NetworkManager/system-connections/`, ambako faili husomwa na root peke yake. Chini ya GNOME au KDE tayari kuna wakala anayeuliza nywila inapobadilika. Chini ya Openbox au i3 tupu huenda hakuna, na kama unataka Kivuko itumike huko, itabidi uandike wakala huyo baadaye. Jambo lisilosubiri toleo la pili ni hili: nywila isichapwe kamwe kwenye logi za programu (rekodi za matukio yake), maana watu wataziambatisha kwenye ripoti za makosa na kuzianika hadharani.

Hatua ya 7: Kuhesabu bando

Kerneli huhesabu kila baiti inayopita:

```python
from pathlib import Path

def baiti(kiolesura):
    f = Path("/sys/class/net") / kiolesura / "statistics"
    return sum(int((f / n).read_text()) for n in ("rx_bytes", "tx_bytes"))
```

Inaonekana rahisi, lakini mitego iko minne.

Wa kwanza: hesabu ni ya kiolesura, si ya profaili. `wlan0` hubeba Wi-Fi ya nyumbani, ya ofisini na hotspoti ya simu kwa zamu. Muunganisho unapobadilika, funga kwanza hesabu ya UUID (kitambulisho cha kipekee cha profaili) ya zamani, kisha uanze ya mpya kutoka pale namba ilipo sasa. Usianzie sifuri.

Wa pili: kompyuta ikizimwa au modemu ikichomolewa, namba hurudi mwanzo. Ikiwa mpya ni ndogo kuliko ya zamani, ongeza mpya yote. Vinginevyo ongeza tofauti.

Wa tatu unahusu modemu. `get_iface()` inaweza kukupa `cdc-wdm0` au `ttyUSB0`, ambazo ni njia za kutoa amri na hazibebi data zako. Unachotaka ni `get_ip_iface()`, itakayokupa `wwan0` au `ppp0`. Tumia hiyo kwa vifaa vyote.

Wa nne ni umeme. Ukihifadhi hesabu wakati wa kufunga programu tu, umeme ukikatika siku nzima imepotea. Hifadhi kila baada ya sekunde kumi hivi: andika faili la muda ndani ya `~/.local/share/kivuko/`, kisha `os.replace()` ilipeleke mahali pake. Hata umeme ukikatika programu ikiwa katikati ya kuandika, faili la zamani bado lipo salama.

Onyesha namba hiyo kama makadirio. Kampuni ya simu ina hesabu yake, na wewe unahesabu hata faili ulilotuma kwenye kompyuta ya jirani kupitia Wi-Fi hiyohiyo. Kinachomfaa mtu ni kuandika ukubwa wa bando alilonunua, kisha apate taarifa likifika robo tatu.

Linalokwenda sambamba na hesabu ni kuiambia kompyuta nzima kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo:

```
nmcli connection modify "Simu yangu" connection.metered yes
```

Programu zinazoheshimu alama hiyo, GNOME Software ikiwemo, huacha kupakua masasisho zenyewe. Simu za Android hujitambulisha kwa kutuma maneno `ANDROID_METERED` ndani ya DHCP, na NetworkManager hukisia kutokana na hayo. Kwa ruta ndogo za mfukoni zenye laini ndani, kukisia huko hakutokei. Mara mtu anapounganishwa na mtandao mpya, Kivuko imuulize: "Je, intaneti hii ni ya bando?" Swali hilo moja litamwokolea megabaiti nyingi kuliko kitu kingine chochote tutakachokijenga.

Hatua ya 8: Menyu za laini kupitia modemu

ModemManager inaweza kupiga namba za huduma. Kwa Vodacom Tanzania menyu ya vifurushi ni `*149*01#`, kwa Safaricom Kenya ni `*544#`:

```
mmcli -L
mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*149*01#"
mmcli -m 0 --3gpp-ussd-respond="1"
```

Jenga dirisha dogo linaloonyesha jibu na kupokea chaguo. Usiiache programu ijibu yenyewe wala kukumbuka PIN, kwa kuwa mwisho wa menyu hizo kuna fedha za mtu. Ujue pia kwamba modemu nyingi za siku hizi, Huawei E3372h kwa mfano, hujitokeza kwenye kompyuta kama kadi ya kebo na kujificha nyuma ya ukurasa wao wenyewe. ModemManager haizioni, hivyo ficha kitufe hiki pale ambapo hakuna modemu.

Hatua ya 9: Dirisha

Fupi tu: tumia GTK 4, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe, dirisha moja, na taarifa za `Gio.Notification`. GTK 4 haina tena alama ya kwenye upau, na GNOME haionyeshi alama hizo bila kiendelezi. Usijaribu kuchanganya GTK 3 na GTK 4 ndani ya programu moja, itagoma kuanza. Maneno yote ya skrini yapitishe kwenye gettext, zana ya tafsiri za programu, tangu siku ya kwanza ili wengine waweze kuyatafsiri.

Hatua ya 10: Jaribu bila kutembea na ruta tatu

Kerneli ina moduli inayotengeneza kadi za Wi-Fi za kuigiza:

```
sudo modprobe mac80211_hwsim radios=2
sudo nmcli device set wlan1 managed no
```

Majina ya kadi angalia kwa `nmcli device`. Huenda kwako yakawa `wlan1` na `wlan2`. Iliyotolewa mikononi mwa NetworkManager ifanye kituo kwa hostapd (programu inayoigeuza kadi kuwa kituo cha Wi-Fi), na nyingine iunganishe kupitia Kivuko. Usipoweka seva ya DHCP, baada ya sekunde 45 utapata `IP_CONFIG_UNAVAILABLE` na utaona kama ujumbe wako unaeleweka. Badilisha nywila kwenye hostapd, jaribu tena. Zima hostapd katikati, jaribu tena. Kwa majaribio ya kujiendesha yenyewe, python-dbusmock ina kiolezo cha `networkmanager` kinachoigiza huduma nzima bila kadi yoyote.

Hatua ya 11: Itoe hadharani

Weka leseni kabla ya kupandisha msimbo wa kwanza mtandaoni. Msimbo usio na leseni si huria, hata ukionekana na dunia nzima. GPL toleo la 3 inafaa hapa. Libnm yenyewe iko chini ya LGPL 2.1, hivyo hakuna mgongano. Kisha tengeneza kifurushi cha .deb. Flatpak, aina ya kifurushi kinachotumika kwenye Linux zote, ni nzuri, ila anayeanza nayo hulazimika kupakua mamia ya megabaiti kwanza, na mtu wa bando ndiye tuliyemjengea.

Kwenye fomu ya ripoti za makosa omba matokeo ya `nmcli general status`, `nmcli device` na `journalctl -u NetworkManager -b`, na waeleze watu wafute majina ya mitandao na anwani za kadi kabla ya kutuma.

Ukianza kupokea ripoti za modemu zinazokataa APN, usiziweke viraka ndani ya Kivuko. Orodha ya APN zinazopendekezwa na programu za Linux iko kwenye mradi wa mobile-broadband-provider-info, faili la `serviceproviders.xml`, na kila nchi ina sehemu yake: `tz`, `ke`, `ug` na nyinginezo. Hakiki APN kwa laini halisi, linganisha namba ya mtandao (ya Tanzania huanza na 640, ya Kenya 639), kisha tuma marekebisho kule. Yakikubaliwa, yatamfikia hata mtu asiyewahi kuisikia Kivuko.